Kutafuta mpingo wa kazi ukiwa Arusha au Moshi bila kupigwa

Kama we ni mchongaji au una kamashine kako ka kutolea kalamu, vikuku na vipini vya visu, basi kabla hujawaza dizaini waza mpingo unaupata wapi na utaujuaje. Mpingo mwingi wa biashara hauotei huku kwetu, unatoka kusini huko Lindi, Mtwara, Ruvuma, kwa hiyo mpaka unafika Arusha ushapita mikono mingi na kila mkono umeweka cha juu.

Achana na kununua gogo zima kama ndo unaanza. Mpingo ni mti mfupi, umepinda, una mifereji, na chini ya gome kuna tabaka jeupe ambalo kwa kazi yetu halina maana sana, gogo nene kama paja linaweza likakupa kiini cheusi cha unene wa mkono tu, na katikati kukawa na tundu au ufa ambao muuzaji hakuuona au hakutaka uuone. Nunua vipande vilivyopasuliwa, unaona pande zote.

Mimi napenda makapi. Nenda nyuma ya maduka ya vinyago kwa mafundi wenyewe wanapochonga, sio dukani mbele kwenye taa, waombe vipande vilivyobaki. Kalamu inataka kipande cha sentimita 2 kwa 2, urefu kama 15 hivi, pete inataka kidogo zaidi ya hewa, na hivyo vipande sehemu nyingine vinaishia kwenye moto wa kupikia chai. Pia uliza kama wana vinyago vilivyopasuka au kuvunjika mguu, hivi ni dili kabisa maana mbao imekaa dukani miaka, imekauka, haitakusumbua. Watengenezaji wa klarineti na zumari za kizungu wanataka kipande safi bila doa, wewe mstari wa kahawia ndani ya weusi ndo unauza.

Sasa kuujua. Kuna miti kibao inapakwa kiwi nyeusi ikageuka "mpingo" hasa kwa watalii. Geuza kitu chini, kwangua na kisu mahali pasipoonekana, ukikuta rangi ya maziwa au njano usiendelee na mazungumzo. Mpingo halisi ukikwangua unaendelea kuwa mweusi au zambarau iliyoiva. Kitambaa chenye spiriti watu wanakiamini sana ila kinadanganya, kwa sababu hata mpingo wenyewe unatoa rangi kwenye spiriti, utamuonea fundi wa watu bure. Kipande kidogo tumbukiza kwenye maji, unazama hata ukiwa mkavu, ukielea jua sio wenyewe (kuzama peke yake hakutoshi, kuna miti mingine mizito).

Akitokea mteja anakusifia mwaloni mweusi wa Ireland na Uingereza unaochimbwa kwenye matope, ni kweli upo na ni mzuri, ule umefukiwa maelfu ya miaka mpaka tanini yake (kemikali ya asili ya mti) ikashikana na chuma cha kwenye maji ukawa mweusi, wa kwetu unakuwa mweusi ukiwa bado hai. Na hata ukifa porini, ule weupe unaliwa na mchwa, kiini kinabaki kizima miaka na miaka. Ila usijiokotee, kinataka kibali vilevile.

Vibali ndo pa kuwa makini. Sheria ya Misitu ya 2002 haichekeshi, na wasimamizi ni TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mzigo wa magogo au mbao unatakiwa uwe na TP (hati ya kusafirishia mazao ya misitu) na alama ya nyundo inayogongwa na watu wa misitu, kwa hiyo muuzaji anayekwambia "njoo saa nne usiku na hela taslimu" mwache na mzigo wake. Kwa vipande vidogo dai risiti, iandikwe jina la mti.

Ukishapata, yeyusha mshumaa upake ncha zote mbili siku hiyohiyo. Joto la mji wa Moshi linakausha haraka kwa nje ndani bado pabichi, hapo ndo unasikia kipande kinalia "ta" usiku na asubuhi una ufa. Weka kivulini, kiinue kutoka sakafuni, mbali na dirisha la upepo. Ukiwa na haraka kichonge kwa juu juu kwanza, acha kinene, kirudie baada ya miezi. Wakati wa msasa vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu, na sio utani.

Mwisho, wateja wa nje. Jamii yote ya mpingo iliingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia Januari 2017. Kitu kilichokamilika kama kinyago au kalamu, ilimradi mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo, kinasamehewa kibali cha CITES, lakini kipande ghafi hakisamehewi, hata kama mteja anasema ataenda kuchonga mwenyewe kwao. Ulizia pia ofisi ya TFS kuhusu taratibu za kutoa bidhaa nchini kabla hujamfungia, maana wakimkamatia uwanja wa ndege KIA atakupigia wewe.