Pasi ya nywele za kipilipili: usinunue kabla ya kuiona ikichomekwa

Wateja wangu hapa Moshi wananitumia picha ya boksi la pasi ya nywele na swali moja: "Dada, hii nzuri?" Boksi haliniambii kitu. Karibu kila boksi lina dada ambaye nywele zake zimenyooka tangu azaliwe. Itoe pasi yenyewe, uigeuze, usome maandishi madogo kwenye mpini au pale waya unapoingilia.

Tafuta volti. Umeme wetu ni volti 230. Ikiandikwa 220–240V, chukua. Ikiandikwa 110–240V, hata ukisafiri nayo haikusumbui. Ikiandikwa 120V peke yake, hiyo ni ya Marekani, na 100V ni ya Japani. Hapo adapta haikusaidii, maana inabadilisha miguu ya plagi tu, volti inaziacha vilevile. Mteja wangu mmoja wa Majengo aliletewa pasi na shangazi yake kutoka Marekani, akaichomeka kwa adapta. Ikapata moto upesi, akafurahi kweli. Mara harufu ya plastiki, ikazima, na haijawaka tena mpaka leo. Afadhali ilikuwa bado iko mezani.

Kinachofuata ni joto, na hapa ndipo tunaponyoana nywele bila wembe. Watu wanadai pasi ya nyuzi 230 kwa sababu eti nywele zetu ni ngumu. Zikiwa nyingi kichwani zinaonekana ngumu, ni kweli, lakini chukua unywele mmoja uutazame: kila unapojikunja pana udhaifu, na hapo ndipo unapokatikia. Nywele za asili zenye afya nazipiga kwa nyuzi 180 hadi 200. Zenye dawa, zenye rangi au nyembamba, 150 hadi 170. Kwa hiyo pasi unayoitafuta ni ile inayokuonyesha namba na kukuruhusu kuishusha. Yenye kitufe cha kuwasha na kuzima tu iache hapo hapo, hata kama bei yake inavutia.

Namba nayo inaweza kudanganya. Weka 180, subiri ipate moto, kisha bana kipande cha tishu nyeupe kwa sekunde chache. Tishu ikigeuka kahawia, joto limezidi kile kilichoandikwa, na wewe ndiye utakayebaki na ncha zilizoungua.

Kuhusu mabamba, muuzaji atakutajia seramiki, titani na turmalini kwa mkupuo. Titani hupata moto haraka na kuupeleka haraka kwenye nywele. Inamfaa msusi mwenye mkono mwepesi, si mtu anayejipiga mwenyewe kisogoni huku akitafuta kioo. Nyumbani chukua seramiki. Uliza kama ni seramiki yote au imepakwa juu, kwa sababu ya kupakwa hubanduka, na palipobanduka panakamata nywele. Turmalini huongezwa kuzipunguzia nywele utimtim. Si mbaya, ila usiilipie mara mbili.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi dukani. Pasi ikiwa baridi, ibane, uinyanyue usawa wa macho kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati ya mabamba, rudisha. Pasi isiyobana sawasawa utaipitisha mara nne palepale ambapo nzuri ingepita mara moja au mbili. Halafu pitisha taiti kuukuu kwenye kingo zake. Ikinasa taiti, itanasa na nywele.

Upana: inchi moja au moja na nusu inatosha wengi. Za inchi mbili ni za nywele ndefu, mizizi hazifiki. Nywele zako zikiwa fupi sana, tafuta ya nusu inchi, au kitana cha moto cha umeme chenye namba za joto. Kwa nywele za pembeni usoni bado sijaona cha kukishinda. Brashi ya kunyoosha inafaa nywele za mawimbi, au za kipilipili zilizokwisha kupigwa draya. Peke yake kwenye kipilipili, mizizi inabaki vilevile.

Zile zinazosifiwa kwamba zinapiga nywele mbichi, mimi sizitaki. Maji yanachemka ndani ya unywele na kuutengenezea vijipovu, na hapo unywele umeshaharibika. Ukisikia "tssss", toa pasi.

Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya kunyoosha inafanywa na draya yenye kichana mdomoni, unapozivuta nywele zikikauka. Pasi inamalizia. Kama fedha ni ya kubana, bora draya nzuri na pasi ya kawaida kuliko kinyume chake. Umeme nao uupigie hesabu: draya ya wati 2,000 kwa nusu saa imekula uniti moja ya Luku, wakati pasi ya wati 50 itaitumia uniti hiyo hiyo kwa saa 20. Kwa hiyo ukisikia pasi inalamba umeme, anayelaumiwa siye.

Muuzaji akikuahidi nywele zitakaa wiki mbili wakati wa masika, mcheke kwa heshima. Joto hunyoosha kwa muda tu, unyevu ukiingia nywele zinarudi. Panda Marangu kwenye harusi mwezi wa nne, ukungu umeshuka, uone kama kuna pasi ya kuhimili hilo. Beba kilemba.

Na kama unanunua ya mtumba pale soko la Memorial, nenda mchana, umwombe muuzaji aichomeke mbele yako. Shika mpini, chezesha waya pale unapoingilia, uangalie kama taa inapepesa. Akikataa kuichomeka, sogea meza inayofuata.