Ujerumani mpaka Ugiriki na kempavani: jinsi ya kulala ndani ya gari lako juu ya feri

Mlioko Ujerumani, Austria na jirani zake mnaotaka kwenda Ugiriki na kempavani, njia ninayoipendekeza ni hii: Munich, Brenner (mpaka wa Austria na Italia milimani), Verona, Bologna, bandari ya Ancona huko Italia, halafu feri ya usiku mpaka Igoumenitsa, bandari ya Ugiriki. Watu huuliza kwa nini nisipite nchi kavu kwa Serbia, si bei rahisi zaidi? Jibu ni pasipoti bana. Serbia na Makedonia Kaskazini haziko Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya lazima uanze kuchunguza masharti ya kila mpaka, na kampuni nyingi za kukodisha magari hazitaki gari lao livuke huko bila ruhusa ya maandishi. Ukipita Italia uko ndani ya Schengen mwanzo mwisho. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anaruhusiwa kutembea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya kila siku 180, ila beba pasipoti PAMOJA na kadi ya kibali, kadi peke yake haitoshi.

Hatua ya 1: Kata tiketi ya feri kwanza, mengine yafuate

Usianze na hoteli wala ramani, anza na meli. Unachotafuta kwenye tovuti za kampuni za feri kama Superfast au Anek ni tiketi ya kempingi melini, yaani gari lako linapangwa kwenye deki yenye uwazi pembeni upepo unapita, unachomeka umeme wa meli, unalala kitandani kwako, na vyoo na bafu viko hapo karibu. Kawaida huduma hii ipo kuanzia Aprili mpaka Oktoba na sio kila meli inayo, kwa hiyo soma vizuri kabla ya kulipa. Nje ya miezi hiyo deki ya magari inafungwa meli ikishaondoka, itabidi ulipie kebini au siti. Mi ningesema kama hupati ya kempingi chukua kebini tu, siti ya kukaa usiku mzima na watoto ni mateso.

Pima gari kabla ya kukata. Urefu unahesabiwa mpaka rafu ya baiskeli na ndoano ya nyuma, kimo mpaka juu kabisa ya eyasii (AC) ya paa. Andika vipimo kwenye karatasi ubandike kwenye dashibodi, utavihitaji pia kwenye vizuizi vya paking za supamaketi.

Hatua ya 2: Leseni, vinyeti na barabara

Leseni ya nyumbani inakubalika Ujerumani miezi 6 tu tangu uanze kuishi, baada ya hapo unahitaji ya kwao. Daraja B inaishia gari la tani 3.5, na uzito unaoangaliwa ni ule ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo usihesabu tu ulichopakia.

Austria unanunua vinyeti, yaani kibali cha kulipia barabara kuu, ya kidijitali inatosha, ya siku 10 inafanya kazi hapohapo ukiinunua mtandaoni. Barabara ya A13 ya Brenner ina malipo yake ya pekee, vinyeti haihusiki hapo. Italia unachukua tiketi getini unapoingia na unalipa unapotoka, cha muhimu usiingie leni ya njano ya Telepass, ile ya kulipa kwa kifaa cha ndani ya gari, kama huna kifaa chao. Na kama una baiskeli zimetokeza nyuma, Italia wanataka kibao cha mistari myekundu na myeupe, sm 50 kwa 50.

Hatua ya 3: Bandarini Ancona

Fika angalau saa mbili kabla ya meli kuondoka, Julai na Agosti ongeza. Kaunta za tiketi haziko pale meli ilipo, unachukua karatasi zako kule kwanza ndio unaenda bandarini. Kabla ya kufika mwaga choo cha kaseti (tanki la choo cha gari linalochomoka), jaza maji, nunua chakula, manake cha melini ni ghali.

Hatua ya 4: Kupanda, hapa ndio umakini

Aliyezoea pantoni la Kigamboni au Likoni ataona kama ni yaleyale, ila hapa mara nyingi utaingizwa rivasi, kulia lori la friji, kushoto ukuta wa chuma, na jamaa mwenye kizibao cha njano anapiga filimbi na kukuonyesha kwa mikono. Kunja sait mira, achana na kamera ya nyuma, mwangalie yeye tu, akikunja ngumi simama hapohapo hata kama unaona bado kuna nafasi.

Ukishasimama: hendibreki, gia ya kwanza, funga gesi kwenye mtungi wenyewe sio kwenye jiko tu. Kupika kwa gesi au moto wowote melini ni marufuku. Chomeka kebo ya kempingi ile ya plagi ya bluu ya pini tatu, ila usiwashe birika na jiko la umeme kwa mpigo, umeme utakata na majirani watajua ni nani. Pilau la kupikwa jana yake linaokoa mambo sana hapa.

Halafu zima alamu ya gari, ile inayohisi mtikisiko. Meli ikianza kuyumba italia saa nane za usiku na deki nzima itakuja kugonga mlango wako. Malori ya friji nayo yananguruma mpaka asubuhi, beba vizibo vya masikio. Mwenye kichefuchefu cha bahari ameze kidonge kabla meli haijang'oa nanga, sio baada.

Hatua ya 5: Kushuka

Safari ni saa 16 mpaka 20 hivi kutegemea meli. Ugiriki iko saa moja mbele ya Italia na muda wa kufika kwenye tiketi ni wa Ugiriki, kwa hiyo seti alamu ya simu kwa saa zao. Meli nyingi zinaendelea mpaka Patras, sikiliza tangazo usipitilize.

Ukitoka getini Igoumenitsa unaingia A2, Egnatia Odos, ya kwenda Ioannina, Metsovo na Meteora, ina vituo vya kulipia kwa hiyo weka euro za chenji karibu. Anayetaka bahari ageuke kusini kwenda Parga, ni karibu. Kulala ovyo ufukweni ni marufuku na faini ipo, tafuta kempingi ya kulipia, na ukiingia na msimu wa Agosti piga simu mapema.