Jinsi ya kupima kama bakteria wa majani wanatumia lanthanamu

Mwongozo huu ni kwa anayejua tayari kazi za kawaida za maabara ya bakteria. Nimeuandika kwa sababu kila ninayemsaidia jaribio hili hukwama palepale, hatua ya 3.

Mmea unapokua, pektini ya kuta za seli zake hutoa methanoli, nayo hutoka kupitia vinyweleo vya majani. Bakteria wa rangi ya waridi wa jenasi Methylobacterium huishi juu ya majani wakila methanoli hiyo. Kimeng'enya chao kilichozoeleka cha kuchakata methanoli, MxaF, hutumia kalsiamu. Kipo na kingine, XoxF, ambacho mahali pa kalsiamu hubeba lanthanidi nyepesi (metali za kundi la lanthanamu): lanthanamu, seriamu, praseodimiamu au neodimiamu. Mwaka 2014 ilibainika kwamba Methylacidiphilum fumariolicum, bakteria wa matope ya volkano huko Solfatara, Italia, hawakui kabisa bila madini haya.

Hatua ya 1: Pata bakteria

Bonyeza jani juu ya agari ya chumvi tupu yenye methanoli 0.5% kama chanzo pekee cha kaboni, pamoja na lanthanamu mikromola 2 na sikloheksimidi ya kuzuia kuvu. Weka kwenye nyuzi 28 hadi 30. Makoloni ya waridi yakitokea, yasafishe kama kawaida.

Hatua ya 2: Andaa lanthanamu

Yeyusha gramu 0.371 za LaCl3·7H2O katika mililita 100 za maji safi. Hiyo ni milimola 10. Mikrolita 10 katika mililita 50 za mchuzi zinakupa mikromola 2, na zinatosha. Usiimimine kamwe ndani ya fosfeti iliyokolea, maana itaganda na kuzama chini. Itie mwishoni, mchuzi ukishapoa, sawa na methanoli yenyewe. Methanoli ni sumu na mwali wake hauonekani vizuri, kwa hiyo iweke mbali na moto.

Hatua ya 3: Hakikisha "bila lanthanamu" ni bila lanthanamu kweli

Hapa ndipo wengi huona chupa zote zimekua sawa, wakahitimisha kwamba lanthanamu haina kazi. Seriamu katika ganda la dunia inakaribia shaba kwa wingi, hivyo vumbi lolote linayo. Bakteria nao wanaridhika na kiasi cha nanomola tu.

Mkosaji wa kwanza ni kioo. Kioo cha maabara huachia lanthanidi kidogo kidogo ndani ya mchuzi, hasa kikipashwa moto kwenye otoklevu. Mimi situmii kioo kwa jaribio hili hata nikiambiwa kimeoshwa vipi. Tumia polipropilini kuanzia chupa ya maji mpaka chombo cha kukuzia, uiloweke kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa usiku kucha, kisha uisuuze mara kadhaa kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Ukilazimika kutumia kioo, angalau andaa mchuzi kwenye plastiki na uuchuje badala ya kuupika.

Mkosaji wa pili ni chumvi zako. Chagua za usafi wa juu kabisa, na usichanganye makopo ya kampuni mbalimbali katikati ya jaribio. Agari ni chafu zaidi, kwa hiyo kipimo chenyewe kifanyike kwenye mchuzi.

Wa tatu husahaulika: bakteria wenyewe. Methylobacterium extorquens huhifadhi lanthanidi ndani ya seli kama chembechembe za fosfeti, hivyo ukiwachukua kutoka kwenye agari ya hatua ya 1 wanakuja na akiba yao. Wakuze kwanza kwenye suksineti (chanzo cha kaboni badala ya methanoli) bila lanthanamu, uwahamishe mara kadhaa kwa mbegu ndogo, uwaoshe, ndipo uanze.

Hatua ya 4: Kuza na upime

Methanoli na suksineti, kila moja pamoja na lanthanamu na bila yake, marudio matatu. Ongeza chombo kisicho na kaboni. Kalsiamu iwe ileile kote. Soma ukungu wa mchuzi (OD) kwenye nanomita 600. Bakteria wakikua sawa kwenye suksineti pande zote mbili, lanthanamu haijawadhuru.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Wakikua kwenye methanoli pale tu penye lanthanamu, una jibu. Wakikua pande zote, bado huna: wenye vimeng'enya vyote viwili hubadilisha tu, kwani lanthanamu huzima jeni za mxa na kuwasha za xox. Pima basi uonyeshaji wa jeni hizo, au futa mxaF urudie. Kwenye mfuatano wa protini, XoxF ina asidi amino ya aspateti ya ziada mahali ambapo MxaF ina alanini. Ndiyo inayosaidia kushika lanthanidi.

Kama bakteria wako wametoka kwenye mizizi, jaribu pia ethanoli. Pseudomonas putida KT2440, bakteria wa udongo na mizizi, haili methanoli, lakini ina PedH, kimeng'enya cha alkoholi kinachotegemea lanthanidi, pamoja na PedE ya kalsiamu. Tahadhari za hatua ya 3 ni zilezile.