Kabla hujalipia drili ya bei nafuu

Ndugu zangu wa Lamu, ukitaka drili ya kazi za nyumbani, usianze kwa kuuliza ina wati ngapi. Mwombe muuza duka aichomeke kwenye umeme, atie biti (kile chuma cha kutobolea) ndefu nyembamba, kisha ubonyeze kitufe polepole. Ncha ya biti ikichora duara badala ya kusimama wima, irudishe, maana matundu yako yote yatakuwa mapana. Ikianza kwa kuruka ghafla badala ya kupanda taratibu, hiyo pia iache. Kwenye mbao ngumu kama mbambakofi itakuponyoka.

Kuta zetu za zamani ni za matumbawe na chokaa. Si ngumu kama zege, kwa hiyo anza bila mtikiso wa nyundo (drili kugonga huku ikizunguka), la sivyo plasta inabomoka kipande kizima. Mimi huwasha mtikiso huo pale tu biti inapogota jiwe.

Mashine ndogo ya kuchongea nakshi ni kitu kingine. Huzunguka hadi mara 30,000 hivi kwa dakika, ni nzuri kwa kusugua na kuchora, lakini usiitobolee boriti.

Ya mtumba kutoka Marekani soma kibandiko: ikiandikwa 120V tu, umeme wetu wa 240V utaiunguza. Uliza pia kama kaboni za mota (vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani yake) zinapatikana, ndizo huisha kwanza. Na ukimaliza kazi ipanguse, upake mafuta kidogo kwenye mdomo unaoshika biti. Chumvi ya bahari haichelewi kuleta kutu.