Kuachilia Majuto kwa Mazoezi ya Kibudha
Mafundisho ya Kibudha huyahesabu majuto, yaitwayo kukkucca kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, pamoja na wahka, kuwa kizuizi kimojawapo kati ya 5 vya kutafakari, wala hayamtaki mtu ajiadhibu. Keti ufuoni Dunga, Kisumu, kabla jua halijachomoza, ufuatilie pumzi inavyoingia na kutoka puani. Kosa likikujia, kama linijiavyo mimi neno kali nililomwambia marehemu mama, litaje kimoyomoyo, "majuto", uhisi kifua kinavyobana, kisha urudi kwenye pumzi bila kujitetea. Hapo ndipo pagumu, nami nakusihi usiharakishe. Baadaye mwombe radhi uliyemkosea. Ikiwa amekwisha kufariki, mtakie heri, kisha ulinde ulimi wako asubuhi hiyo hiyo, mtoto anapomwaga uji mezani.