Unataka kuachia kanisa ama kituo cha watoto kitu kwenye wosia? Fanya hivi (Kenya)

Watu wengi huandika tu "asilimia kumi iende kanisani" alafu wanafunga bahasha. Kanisa lipi sasa, la mtaani, la ushago ama dayosisi? Waulize jina lililo kwenye cheti cha usajili, manake makanisa mengi mali yao huwa chini ya wadhamini waliosajiliwa, si lile jina la kwenye bango pale geti. Alafu andika hivi: "Nawapa (jina kamili, namba ya usajili) asilimia 10 ya kitakachobaki baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi yangu, na kama hawapo tena ipewe (jina la pili)."

Mimi napenda asilimia, laki moja ya leo miaka 20 ijayo itanunua nini jamani. Na ukitaja ploti fulani kisha uiuze mwenyewe ukiwa hai, basi hao hawana chao.

Saini mbele ya mashahidi wawili ama zaidi, wakuone ukisaini, nao wasaini mbele yako. Shahidi asiwe mtu anayepewa kitu humo, wala mume ama mke wake, hiyo zawadi yake itabatilika isipokuwa kuwe na mashahidi wengine wawili wasio na chao. Mchungaji pia mwache akae kando, kwa nini uwape watu maneno. Wosia wa mdomo upo ndio, lakini unahesabika tu ukifa ndani ya miezi 3, nani anajua hiyo tarehe?

Pesa za sako na pensheni usiziweke kwenye hesabu hii, kwa kawaida hizo hufuata fomu uliyojaza huko kwao, si wosia.

Familia waambie mapema. Kifungu cha 26 cha sheria ya urithi kinamruhusu mke, mume ama mtoto kwenda korti akiona hakuachiwa cha kutosha, na jaji anaweza kugawa upya, kwa hivyo usipeane shamba lote eti kwa ajili ya Mungu na watoto wako wanalala njaa. Waislamu wana utaratibu wao: wasia hauzidi theluthi moja baada ya madeni, pitia kwa kadhi.

Na ukioa ama kuolewa baadaye, wosia wa zamani umefutika, labda kama uliuandika ukitaja ndoa hiyo hiyo. Andika mwingine.