Kostiki inapasha kikombe, potashi inakipoza: jipimie mwenyewe

Kama umewahi kupika sabuni unajua, ukishatia kostiki (sodiamu hidroksaidi) kwenye maji ndoo inashika moto kama kuna mtu kaweka sigiri chini yake, na hakuna hata kiberiti karibu. Vijana wa S.5 (kidato cha tano) hapa Kasese, Uganda, wakiniletea hii mada ya joto la chumvi kuyeyuka na kuundwa huwa wamekariri namba tu, plasi wapi na mainasi wapi, sasa mimi naanzaga na kikombe, hesabu baadaye.

Tafuta vikombe viwili vya plastiki ngumu, kimoja kiingie ndani ya kingine ili joto lisitoroke haraka, themomita, na mizani ndogo ya digito. Halafu chumvi ya pakiti, ile mbolea nyekundu ya potashi wanayowekea kahawa (dukani sema MOP wanajua), na kostiki kidogo. Chumvi ya ziwa Katwe iache kwa hili, mimi naipenda kwa ng'ombe lakini ina magadi na salfeti ndani, itakuchanganyia hesabu.

Anza na potashi maana haiumizi mtu. Maji gramu 100 kwenye kikombe, ngoja dakika tatu usome joto, halafu gramu 20 za potashi uliyotwanga zikawa unga, mimina zote mara moja, koroga, na usome kila nusu dakika mpaka joto liache kushuka. Shika kikombe kwa mkono, utasikia baridi kama maji ya mtungi. Kwenye karatasi inatakiwa ishuke kama digrii 9, na hiyo 9 inatoka hivi: moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya potasiamu kloraidi, ndiyo hiyo potashi, ni gramu 74.5, kwa hiyo 20 ni moli 0.27 hivi, kila moli ikiyeyuka inavuta kilojuli 17.2, jumla 4.6. Gawanya kwa uzito wote gramu 120 mara 4.18 (juli za kupasha gramu moja ya maji digrii moja), ukikumbuka kugeuza kilojuli kuwa juli, wengi wanaangukia hapo. Rudia na chumvi ya mezani gramu 20, utaona inashuka digrii 2 au 3 tu, na ukizembea kukoroga unaweza usione kitu kabisa.

Sasa kwa nini? Fikiria mtu wa biashara sokoni. Fuwele ya chumvi ni ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na za kloraidi zimeng'ang'aniana, kuziachanisha zote kwenye moli moja unalipa kilojuli 787. Hiyo ni pesa nyingi. Lakini zikiingia majini molekuli za maji zinazizunguka, upande wa oksijeni unashika sodiamu na upande wa hidrojeni unashika kloraidi, na hapo unarudishiwa kama 783. Umenunua 787 umeuza 783, hasara 4 hivi, na hiyo hasara maji ndiyo yanailipa kwa joto lao, basi yanapoa. Potashi hasara yake ni kubwa zaidi. Kostiki yenyewe inauza kwa faida, inakurudishia kilojuli 44.5 kwa kila moli. Mbolea ya urea nayo inapoza maji vizuri sana lakini haina ioni, ni molekuli nzima nzima, usiilete kwenye mtihani kama mfano wa hii mada.

Na kuundwa kwa chumvi ni biashara ileile. Watu wanafundishwa eti sodiamu inatoa elektroni kwa furaha, uongo mtupu, kuing'oa kutoka atomu ya sodiamu iliyo gesi unalipa kilojuli 496 kwa moli, klorini ikiipokea inakupa 349 tu. Ongeza 107 za kuifanya sodiamu ngumu iwe gesi na 122 za kukata klorini, mpaka hapo una deni la 376. Anayeliokoa duka ni ile 787 ioni zinapopangana kuwa fuwele: 787 toa 376 unabaki na 411, ndiyo joto linalotoka moli moja ya chumvi ikiundwa.

Haya, kostiki. Glavu, miwani, nje penye hewa, watoto mbali. Kostiki inaingia kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga, MAJI HAYAMWAGWI JUU YA KOSTIKI, maana yale machache ya kwanza yanachemka palepale na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila na kutoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Mimi mara ya kwanza nilikata chupa ya maji ya kununua nikajifanya nimepata jagi la bure, nikatia kostiki nyingi kwa pupa, kitako kikalegea kikajikunja na ule uji ukateremka kwenye kiatu. Viatu vilienda, mguu ulipona kwa sababu pipa la maji lilikuwa hatua mbili nikaumwagia maji muda mrefu.

Kwa jaribio gramu 10 kwenye maji 100 zinatosha, inapanda karibu digrii 24. Wa sabuni wanaotia kilo nzima kwenye lita tatu wanapandisha zaidi ya 60, ndiyo maana inaachwa ipoe kwanza.

Ukipata 21 badala ya 24 usijilaumu, kikombe na hewa vimekula. Ukipata 15 angalia kaveera (mfuko wa plastiki) ulikonunulia kostiki: kama ilikaa wazi vipande vimeloa na kung'aa, vimeshanyonya maji ya hewani na sehemu ya joto lao lilitoka huko dukani kabla hujafika, na hizo gramu 10 ulizopima nyingine ni maji.